Namna ya kumtembeza mgeni wa pwani kwenye mabaki ya Mjerumani, Iringa

Shule zikifungwa mwezi wa sita napokea mashemeji kutoka Dar na Bagamoyo, na kwa kuwa nafundisha historia, kazi ya kuwatembeza ni yangu. Wanafika wakitafuta walichozoea: majumba ya mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, ngome inayotazama bahari. Huku hakuna. Mjerumani alipanda Uhehe kupigana, kwa hiyo mgeni mpitishe kwa kufuata mwendo wa vita, usifuate kipi kiko karibu na gesti.

Mkija na gari lenu kutoka Morogoro, simameni Lugalo kabla ya kuingia mjini. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliuvizia msafara wa kijeshi wa Emil von Zelewski, aliyepewa jina la Nyundo, na Nyundo mwenyewe akauawa. Mnara uliopo waliujenga Wajerumani kukumbuka watu wao. Mweleze mgeni hivyo mapema, maana wengi hudhani mwenye mnara ndiye mshindi. Aliye kwenye basi asijisumbue, dereva hasimami.

Kesho yake asubuhi nendeni Kalenga. Daladala zipo, ila kama mnataka kufika Mlambalasi pia, kodini gari la siku nzima. Vaeni sweta, hasa nyie wa Dar. Mkikutana na wazee, semeni "kamwene", salamu ya Kihehe, kabla ya kuuliza lolote. Mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.

Kalenga ndiko ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, iliyoanguka mbele ya mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Ukuta umebaki vipandevipande, na bila mtunza makumbusho kukuonyesha unaweza kuuvuka bila kujua. Mlipe kiingilio, mwache aseme, msimkimbize. Ndani kuna fuvu la Mkwawa kwenye kabati la kioo. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na watoto waelezwe mlangoni kwamba hapo ni msibani, hata kama kuna tiketi.

Mgeni atauliza, kila mgeni huuliza: ni lenyewe kweli? Usimjibu kwa kelele za uzalendo. Mpe habari ilivyo. Wajerumani walilichukua kwao, na Mkataba wa Versailles wa 1919, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu hilo ndani ya miezi sita. Haikufanya hivyo. Baada ya miaka mingi gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akalichagua kati ya mafuvu mengi yaliyohifadhiwa huko kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu za Mkwawa, na Juni 1954 akalikabidhi hapa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Mgeni akibaki na shaka, abaki nayo. Mimi naona namna lilivyochaguliwa inamfundisha mtu kuhusu ukoloni kuliko fuvu lenyewe.

Kutoka hapo endeleeni na barabara iendayo hifadhi ya Ruaha hadi njia ya kuingia Mlambalasi. Ndiko Mkwawa alikojipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai, baada ya miaka minne ya vita vya kuvizia na zawadi ya rupia 5,000 kutangazwa kwa kichwa chake. Kaburi lipo, na karibu yake kuna pango. Bebeni maji na chakula. Msitegemee kukuta mama ntilie.

Boma la Iringa liwe la mwisho. Ni jengo la Wajerumani katikati ya mji, lililopata kuwa ofisi ya serikali, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ukilianza, mgeni atasifia kuta nene na veranda, kisha aulize pa kunywa chai. Akilifikia akitoka Kalenga, anaona mwenyewe kwamba ni nyumba ya aliyeshinda. Pigeni simu au ulizeni mjini saa ya kufunga, maana safari ya Mlambalasi hula mchana wote. Mkichelewa, lisogezeni kesho yake asubuhi kabla wageni hawajateremka stendi ya Igumbilo.