Mahali ambapo hamuulizwi mnamsubiri nani

Nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, meza ya kujibu barua pepe. Mwaka haupiti bila wanawake wawili, wa Marekani mara nyingi, kuniandikia: sisi ni wapenzi, tutalala Arusha siku mbili kabla ya kwenda Serengeti, tuelekeze mgahawa ambao watu kama sisi wanakaribishwa. Huwa nacheka peke yangu. Bosi anafikiri swali limefika ofisini, kumbe limefika kwa mwenyewe.

Wageni nawajibu kwa ufupi. Haya marefu ni yako wewe uliyehamia juzi kutoka Singida au Tanga, una mtu wako, na mmechoka kula chipsi mayai kitandani huku mlango umefungwa komeo.

Usitafute bango. Hakuna mlango wenye bendera ya upinde wa mvua hapa mjini, na ungekuwepo ningekwambia upite upande wa pili wa barabara. Mimi pia sitataja jina la mahali hata pamoja. Sehemu ikishatajwa imekwisha, kwa mwenye biashara na kwetu. Nitakuonyesha jinsi ya kuitambua mwenyewe.

Sheria uijue kabla ya menyu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, inatoa miaka 30 hadi kifungo cha maisha kwa kile inachokiita kinyume cha maumbile. Kifungu cha 138A kinashika vitendo vya aibu, hata vya faraghani, mwaka 1 hadi 5. Kula sahani moja hakumo. Lakini anayetaka kukutoa hela hahitaji kifungu, anahitaji picha tu, na picha ya watu wawili wanaotazamana vile inapigwa kutoka meza yoyote.

Nasema wanaotazamana kwa sababu ndipo tunapojikwaa. Kushikana mikono si kitu. Kulishana mishikaki si kitu. Kiswahili chenyewe kimetufunika: mwanamke akisema "huyu ni shoga yangu", hakuna anayeinua kichwa. Mwenzangu ananyoa kipara na anavaa suruali mwaka mzima, na Arusha hilo linapita. Juni na Julai kwa baridi ya huku kila mtu yuko ndani ya jaketi, hujui nani ni nani. Kinachowafichua ni zile dakika ishirini ambazo hamuongei, mnatazamana tu na chai inapoa.

Na kinachoharibu jioni kwa kawaida hata si hilo. Ni swali. Mmekaa, mmeagiza, mhudumu anakuja: "Dada zangu, mnamsubiri nani?" Mkisema hatumsubiri mtu, dakika kumi haziishi anarudi na bia mbili, "Kaka wa pale kaunta amesema mnywe mnachotaka." Sasa kaka wa kaunta ana haki ya kuvuta kiti.

Kwa hiyo mahali pazuri, kwa kipimo changu, ni pale ambapo wanawake wawili wametosha.

Namna ya kupima: nenda peke yako kwanza, siku ya kazi, saa kumi jioni. Agiza chai ya maziwa, kaa saa nzima. Angalia mambo mawili. Kinywaji kikitumwa na mwanaume, je, mhudumu anakuuliza kwanza kama unakitaka, au anakifungua mbele yako huku anacheka? Anayeuliza, mkumbuke sura na jina. Pili, wakija wanawake watatu wanne wa kikoba chao, bili inawekwa katikati ya meza, au mhudumu anazunguka akitafuta mwanaume wa kumpa? Ukipata majibu mazuri rudi mara ya pili, bado peke yako, umwachie mhudumu elfu mbili. Mara ya tatu ndiyo umlete mtu wako. Najua ni ndefu. Mimi Mchaga, hela yangu siiweki mahali sijapakagua.

Mgeni mmoja alinieleza kuhusu Bloodroot, mgahawa wa Bridgeport, Connecticut, ambao wanawake waliufungua 1977. Hawakupika nyama, na hakukuwa na mhudumu: uliagiza kwenye kaunta, ulijichukulia chakula, ukimaliza uliondoa vyombo vyako mwenyewe. Yeye aliona ni siasa. Mimi niliona kitu kimoja tu: hakuna mtu wa kuja mezani kukuuliza unamsubiri nani. Tangu hapo sehemu za kujihudumia nazipenda, hata zile za bufee ya mchana ambapo wali umekauka.

Sasa majira. Kuanzia Juni hadi Oktoba, sehemu za kahawa za katikati ya mji, upande wa Goliondoi na barabara ya Boma, zinajaa wageni wenye viatu vya vumbi, na wahudumu hawana muda wa kukuchunguza. Bei ndiyo inauma. Kikombe kimoja cha kahawa iliyotoka hapo mlimani unakilipa kama kimepanda ndege. Masika, Aprili na Mei, sehemu zilezile ni mbaya: meza kumi na tano, wateja nyinyi wawili, wahudumu wanne wamejipanga ukutani wanawaangalia. Masika nendeni Njiro au Moshono kwenye bustani kubwa zenye vibanda vya makuti vilivyoachana. Mkae kibanda cha pembeni, anayeutazama mlango awe mmoja wenu.

Jumapili baada ya ibada, hapana. Familia nzima za Usharika zipo, na mmoja wao anamjua mama yako. Moshi ndiyo usiseme. Moshi kila kona ina shangazi. Sisi tukienda Moshi tunakula kiti moto, tunapanda gari, tunarudi.

Siku ambayo watu hawaamini nikiwaambia ni ya Simba na Yanga. Baa imefurika wanaume, na hakuna hata mmoja anayewaona. Tumewahi kukaa bega kwa bega, tumejifunika khanga moja miguuni, tukala ndizi choma na nyama nusu kilo kwa amani ambayo hatujaipata hotelini. Sharti moja: dakika ya themanini mmeshalipa na mnaondoka. Filimbi ya mwisho ikilia macho yanarudi, na nusu yake yana hasira.

Mtu mliyejuana kwenye simu hamjaonana bado ana taratibu zake, na hapa naomba usome polepole, maana wenzetu wametegwa. Mchana kweupe. Sehemu uliyoichagua wewe, yenye kutoka mbele na nyuma. Usikubali "njoo tu nyumbani kwa rafiki yangu Sakina". Ongea naye kwa simu ya sauti kabla, na ya video ukiweza. Anayekataa zote mbili huenda si mwanamke. Usimtumie nauli. Sisemi hivyo kwa sababu ataila, ingawa ataila. Laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, kwa hiyo elfu kumi yako inamfikia ikiwa na jina lako kamili. Lipa namba nayo ni hivyohivyo: jina linabaki kwa mwenye duka. Siku hiyo beba noti.

Ukifika ukakuta amekuja na "kaka yake", usikae. Mwambie umesahau kitu kwenye bodaboda, na kweli panda hiyo bodaboda.

Kuna vipindi vya kutotoka kabisa. Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, serikali ilisema huo si msimamo wake, lakini sisi huku hatukusubiri ufafanuzi. Miezi mitatu tulipika nyumbani. Hali ya hewa ikibadilika redioni, badilisha na wewe, bila aibu.

Nimeacha mwisho sehemu ninayoipenda, na haina hata menyu. Ni kwa mama lishe, benchi mbili na turubai, sitasema soko gani. Mama lishe hana muda wa kaka wa kaunta kwa sababu hana kaunta. Wateja wake ni wabeba mizigo na wauza nyanya, wanakula dakika kumi wanaondoka. Kwa miaka minne anatupakulia makande au mtori, sahani moja, vijiko viwili, hajawahi kuuliza kitu.

Mwezi wa sita nilikwenda peke yangu. Akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Mwenzio leo yuko wapi?" Nikamwambia ana homa, yuko nyumbani. Hakusema pole. Alichukua chupa yake ya chai, akaimwaga, akaisuuza, akaijaza mtori hadi juu, akakaza kifuniko. Nilipotoa hela akausukuma mkono wangu.

"Ale wa moto. Chupa yangu uirudishe Jumatatu."