Fuatilia moyo, mishipa na mapafu yako kwa vidole na saa

Huu ndio mwongozo ninaowapa wanafunzi wa uuguzi kabla hawajashika mashine yoyote. Mtu akishaihisi kazi ya moyo kwa vidole vyake mwenyewe, michoro ya kitabuni inamwingia kirahisi. Andaa saa yenye mshale wa sekunde, daftari, mwenzako wa kukusaidia, na mashine ya presha ikipatikana. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au pumu, na anayepata kizunguzungu mara kwa mara asijipime; kazi yake iwe kuhesabu.

Hatua ya 1: Mapigo ukiwa umetulia

Kaa dakika 5 bila kuongea. Weka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usawa wa shina la kidole gumba. Gumba lisitumike kupimia, lina mapigo yake na litakuchanganya. Hesabu dakika nzima. Mtu mzima huwa na 60 hadi 100. Wakimbiaji wa mbio ndefu mara nyingi wako chini ya hapo.

Sasa zidisha kwa mililita 70, kiasi cha damu ambacho upande wa kushoto wa moyo husukuma kwa pigo moja. Mapigo 70 ni lita 4.9 kwa dakika. Ni karibu damu yote ya mtu mzima, na wewe umekaa tu.

Hatua ya 2: Pumzi

Mwenzako ahesabu kifua chako kikipanda, huku bado ameshika mkono wako kana kwamba anapima mapigo. Ukijua unahesabiwa pumzi, utazibadilisha bila kukusudia. Kawaida ni 12 hadi 20 kwa dakika.

Hatua ya 3: Kulala, kisha kusimama

Lala chali dakika 5, pima mapigo na presha. Simama, pima papo hapo, kisha baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3.

Unaposimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Inayorudi moyoni inapungua, presha inaanza kushuka. Lakini kwenye ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) za shingo na kwenye upinde wa aota, ateri kubwa kuliko zote, kuna vihisio vinavyopima jinsi kuta za mishipa zinavyotanuka. Mtanuko ukipungua, habari inafika kwenye shina la ubongo mara moja. Moyo unaongeza kasi, ateri ndogo zinajikaza, vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zinabana na kuirudisha damu juu.

Linganisha namba zako. Mapigo pengine yamepanda kwa 10 hadi 20, ilhali presha iko karibu palepale. Kwangu somo lote liko hapa. Wengi huja wakiamini kuwa mwili wenye msawazo ni mwili usiobadilika, nami huwarudisha kwenye daftari lao: mapigo yamesogea ili presha isisogee.

Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au namba ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika hizo 3, rudia kipimo siku nyingine. Ikibaki hivyo, nenda kituo cha afya. Huenda ni upungufu wa maji mwilini au dawa unazotumia, ila usiache dawa kwa uamuzi wako.

Hatua ya 4: Ngazi

Panda na kushuka ngazi dakika 3, kisha hesabu mapigo na pumzi kila dakika mpaka virudi kwenye namba za mwanzo. Misuli inayofanya kazi hutoa kaboni dioksaidi na joto, na hayo yanatosha kutanua ateri ndogo za palepale bila kungoja amri ya ubongo. Utumbo na figo hupunguziwa damu kwa muda.

Hatua ya 5: Kuzuia pumzi

Ukiwa umekaa kitini, vuta pumzi ya kawaida, izuie, tazama saa. Achia mara unapohisi kulazimika.

Kilichokulazimisha hasa ni kaboni dioksaidi iliyolundikana, wala si kuishiwa oksijeni. Gesi hiyo ikiyeyuka kwenye damu huzaa asidi, na mwili huilinda pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, isitoke kati ya 7.35 na 7.45. Vihisio vya shina la ubongo vinalinusa badiliko dogo tu, na mapafu yanaamriwa kuitoa. Ndiyo maana pumzi zako za kwanza baada ya kuachia zilikuwa nzito.

Usipumue harakaharaka kabla ya kuzuia pumzi, na jaribio hili usilifanye kamwe ndani ya maji. Kuhema haraka hufukuza kaboni dioksaidi lakini hakuongezi oksijeni ya maana. Hamu ya kuvuta hewa inachelewa, oksijeni inaisha kabla yake, na mtu anazimia majini bila kuhisi dalili yoyote. Vijana wanaoshindana kukaa chini ya maji, baharini au kwenye bwawa la kuogelea, waelezwe hili kabla hawajazama.