Jinsi ya kuchagua TV ya gemu na filamu: anzia sebuleni kwako, malizia na pedi ya gemu mkononi

Kazi yangu ni kutengeneza na kufunga TV hapa Dar es Salaam. Wateja wengi hunipigia wakishanunua, wakati ushauri ungewafaa kabla pesa haijatoka mfukoni. Ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Fundi, nataka TV moja tu. Mchana watoto wacheze PS, usiku sisi wakubwa tuangalie filamu. Nichukue ipi?" PS ni PlayStation, mashine ya kuchezea gemu.

Gemu na filamu hazidai kitu kimoja. Gemu inataka TV inayoitika papo hapo kidole kinapobonyeza. Filamu inataka weusi ulio mweusi kweli, na mwendo uliobaki kama ulivyopigwa na kamera. Zipo TV za bei ya kati zinazoyaweza yote mawili, ila boksi halitakuambia ni zipi. Itabidi uipime mwenyewe, na vipimo vyake havihitaji ufundi.

Hatua ya 1: Pima sebule

Chukua futikamba. Pima kuanzia pale kichwa chako kinapoegemea kwenye kochi hadi TV itakapokaa. Inchi za TV hupimwa mshazari, pembe hadi pembe: inchi 43 ni kama sentimita 109, inchi 55 ni sentimita 140, inchi 65 ni sentimita 165. Kwa filamu, umbali mzuri ni ule mshazari mara 1.6. Kwa hiyo ukikaa mita 1.75, inchi 43 inakutosha. Mita 2.2 inakwenda na inchi 55, na mita 2.6 ni ya inchi 65. Ukiwa na TV ya 4K, yaani yenye pikseli (nukta zinazounda picha) nyingi zaidi, unaweza kusogea karibu zaidi bila kuona chembe za picha, jambo ambalo wacheza gemu wanalipenda.

Kisha angalia dirisha liko upande gani. Kama jua la saa tisa linapiga moja kwa moja ukutani TV itakapokuwa, kumbuka hilo utakapofika kwenye aina ya kioo. Nimeshaona TV ya bei kubwa ambayo mchana mwenye nyumba alikuwa anajiona yeye na pazia lake tu.

Hatua ya 2: Orodhesha utakavyochomeka

PS4 ya kawaida, iliyotoka 2013, inatoa picha ya Full HD, yaani pikseli 1920 kwa 1080. PS4 Pro ya 2016 na PS5 ya 2020 zinafika 4K, pikseli 3840 kwa 2160. PS5 inaweza pia kutoa picha 120 kwa sekunde, ila kwa baadhi tu ya gemu.

Kama una PS4 ya kawaida na king'amuzi, na TV unayotaka ni inchi 43, Full HD nzuri itakufaa kuliko 4K dhaifu ya bei ileile. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu kila wiki naletewa hizo 4K dhaifu. Ila uwe macho na inchi 32. Nyingi zimeandikwa HD tu, na kioo chake ni 1366 kwa 768. Hiyo ni nusu ya pikseli za Full HD. Filamu ya kwenye flashi itapita, lakini maandishi madogo ya kwenye gemu utayasoma kwa kukunja uso.

Kwa filamu za mtandaoni, Netflix wanapendekeza kasi ya intaneti ya Mbps 5 (megabiti kwa sekunde) kwa Full HD na Mbps 15 kwa 4K, na saa moja ya 4K inaweza kula GB 7. Anayeishi kwa bando la simu apige hesabu hiyo kabla ya kulipia pikseli. Wa diski nao wajue: PS5 yenye sehemu ya diski inacheza Blu-ray za 4K, PS4 Pro haichezi.

Hatua ya 3: Jua kioo

Hapa ndipo majina yanapowachanganya watu. TV inayoitwa LED ni kioo cha LCD chenye taa za LED nyuma yake. QLED ni LCD hiyohiyo, imeongezewa tabaka la chembechembe zinazokoleza rangi. OLED ndiyo tofauti kabisa: haina taa za nyuma, kila pikseli inajiwakia na kujizima yenyewe. Ndiyo maana usiku wa kwenye filamu unakuwa usiku kweli.

LCD nazo zina vioo vya namna mbili kubwa. Kioo cha VA kinatofautisha mwanga na giza kwa kiwango cha kama 3000 kwa 1, au zaidi. Cha IPS ni kama 1000 kwa 1, lakini rangi zake hazipauki ukikaa pembeni. Muuzaji mara nyingi hajui alicho nacho, kwa hiyo jaribu hivi: weka picha yenye rangi nyingi, sogea pembeni kabisa mwa TV, tazama. Rangi zikipauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, hiyo ni VA. Zikibaki vilevile, kuna uwezekano mkubwa ni IPS. Kwa familia inayozima taa na kuangalia filamu ikiwa mbele ya TV, mimi nachagua VA. Kwa sebule ya makochi yaliyozunguka pande zote, IPS.

OLED naipenda, lakini simshauri kila mtu. Kitu kisichosogea, kama nembo ya chaneli au ubao wa matokeo wa gemu ya mpira, kikikaa pale pale saa nyingi kila siku kwa miezi, kinaweza kuacha kovu kwenye kioo, na kovu hilo halitibiki. Nyumba ambayo TV inawashwa asubuhi na kuzimwa watu wakienda kulala, kwenye chaneli moja, ichukue LCD. Na ile sebule yenye jua la saa tisa, LCD yenye taa kali itaishinda OLED mchana.

Jambo jingine ni Hz, mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde. Vioo vya kweli vya TV za kawaida ni 60 au 120. Ukiona "Motion Rate" au "TruMotion" na namba kubwa pembeni, hiyo ni namba ya biashara. Uliza kioo chenyewe ni Hz ngapi, kisha soma jibu kwenye tovuti ya kampuni kwa namba kamili ya modeli. Kioo cha 120 kina faida mbili: gemu za PS5 za picha 120, na filamu. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. 24 inaingia kwenye 120 mara tano kamili, lakini kwenye 60 haigawanyiki sawasawa, ndiyo maana kamera ikipita taratibu mandhari huonekana kama inajikwaa.

Ukiwa na PS5 na kioo cha 120, tafuta tundu la HDMI 2.1 (HDMI ni waya unaopeleka picha na sauti kwenye TV). HDMI 2.0 inapitisha Gbps 18 (gigabiti kwa sekunde), inatosha 4K ya picha 60. 2.1 inapitisha hadi 48. Zunguka nyuma ya TV usome: mara nyingi ni tundu moja au mawili tu yaliyoandikwa 4K 120Hz. Mwenye PS4 asilipie hili.

Hatua ya 4: Nenda dukani na vitu vyako

Nenda na flashi. Ndani weka picha tano za rangi tupu: nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, nyeusi. Ongeza kipande cha filamu yenye tukio la usiku unachokijua vizuri. Kwenye rangi tupu utaona pikseli iliyokufa. Kwenye nyeupe utaona madoa ya baklaiti, zile taa za nyuma. Kwenye nyeusi omba taa za karibu zizimwe, utaona mwanga unaovuja pembeni. Kisha cheza tukio la usiku: nywele nyeusi za mtu zinaonekana, au zimemezwa na giza?

Ukiweza, beba na PS yako. Hili watu wanaona aibu kulifanya, na mimi nawaambia wasione.

Mwaka jana mama mmoja wa Tandika alinipigia. Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, akaniambia, "Fundi, huyu mwanangu kanunua pedi ya pili sasa na bado analalamika pedi mbovu. Niangalizie hiyo TV kabla sijaipiga marufuku PS yenyewe."

Kijana alikuwa amenyong'onyea. "Nikibonyeza kupiga, mchezaji anachelewa, beki anakuwa ameshafika."

Nikaegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaiweka kwenye video ya mwendo wa taratibu ya picha 240 kwa sekunde, ili kidole gumba chake na kioo vionekane kwa pamoja. Nikamwambia abonyeze mara moja tu. Tukarudisha video, tukahesabu picha moja moja tangu kitufe kilipozama hadi mchezaji alipoinua mguu. Picha 38. Nikaingia kwenye mipangilio, nikawasha "Game Mode", hali ya TV ya kuchezea gemu, tukarudia. Picha 19. Kila picha ya video hiyo ni kama milisekunde 4, kwa hiyo TV peke yake ilikuwa inamchelewesha karibu milisekunde 80. Gemu ya picha 60 kwa sekunde inabadilisha picha kila milisekunde 17. Mtoto alikuwa anacheza nyuma ya wakati kwa karibu picha tano, na pedi mbili zote zilikuwa nzima.

Kipimo hicho kifanye dukani, Game Mode ikiwa imewashwa. Linganisha TV mbili kwa PS ileile na gemu ileile; yenye picha chache ndiyo ya gemu. Simu yako ikiishia picha 120 kwa sekunde, hesabu kila picha kama milisekunde 8.

PS5 ina msaada mwingine: kwenye mipangilio, sehemu ya skrini na video, kuna ukurasa unaoonyesha picha inatoka kwa pikseli ngapi na Hz ngapi. TV iliyobandikwa 4K ikikubali 1920 kwa 1080 tu hata kwa tundu na waya sahihi, funga begi lako uondoke.

Hatua ya 5: Soma kibandiko cha umeme

Kwa wanaonunua mtumba. Geuza TV, tafuta sehemu ya volti. Umeme wetu ni 230. TV nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani ni za volti 120 tu, na za Japani zinaweza kuwa za 100. Ikiandikwa 100–240 haina shida. Za Uingereza zinakubali umeme wetu na hata plagi ni ileile ya miguu mitatu. Tyuna (kipokezi cha matangazo ya antena) ya TV ya Marekani haitashika matangazo ya huku, ila ukitumia king'amuzi kwa HDMI hilo halikuhusu.

Mpya au mtumba, nunua gadi ya TV inayosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme unaporudi. Chomeka na PS humo.

Hatua ya 6: Panga mipangilio siku ileile

TV hutoka kiwandani ikiwa imekolezwa. Kila tundu la HDMI lina mipangilio yake, kwa hiyo lipe PS tundu lake na usilihamishe. Hapo washa Game Mode. Kwa 4K yenye HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza), fungua pia uwezo kamili wa tundu: Samsung wanaita "Input Signal Plus", LG "HDMI Deep Colour", Sony wanao "Enhanced format" ndani ya "HDMI signal format". Bila hilo utachukua TV ya 4K na kuitumia nusu.

Kwa filamu, chagua "Filmmaker Mode" kama ipo. Ilitangazwa 2019, na kazi yake ni kuacha picha bila kuongezwa chochote. Kama haipo, chagua "Movie" au "Cinema", kisha tafuta kile kinacholainisha mwendo ukizime. Kinabuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, na filamu ya mamilioni ya dola inageuka kama tamthilia ya studio. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video kuwaomba watu wakizime. Mimi nakizima kila nyumba ninayoingia, kisha namwita mwenye nyumba aone kwa macho yake. Ukali wa kingo nao shusha hadi mistari myeupe inayozunguka nyuso za watu ipotee.

Wiki ya kwanza itumie TV kwa saa ndefu, gemu na filamu, na ukague tena zile rangi tano kwenye flashi. Boksi na maboya yake ya ndani usiyatupe mpaka muda wa kurudisha dukani upite, na risiti ipige picha, maana wino wake hufutika haraka kwenye joto letu.