Tangi la kwanza la matumbawe ukiwa Pwani: anza na joto, samaki watafuata

Miongozo mingi ya kufuga matumbawe nyumbani imeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kifaa cha kwanza wanachokwambia ununue ni hita. Mimi nafugia Mombasa. Hita yangu huwaka asubuhi chache za Julai na Agosti, basi. Tangi langu la kwanza lilikufa mwezi wa Machi, kaskazi ikielekea ukingoni, maji yalipofika nyuzi 32 na kukaa hapo siku tatu. Matumbawe yalisinyaa, yakageuka meupe kama chaki, na siku ya nne ute ulikuwa unaning'inia kwenye mawe na chumba kizima kinanuka. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa utaratibu ambao mtu wa Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja au Dar anauhitaji: joto kwanza, kisha umeme, kisha maji. Samaki wako karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla hujanunua chochote

Jaza ndoo maji, iweke pale unapotaka tangi likae, utumbukize kipimajoto. Soma alfajiri na saa tisa alasiri, kila siku, kwa wiki mbili, na uandike. Ukiweza, fanya hivyo kati ya Januari na Machi, kwa sababu miezi hiyo ndiyo itakayolijaribu tangi lako.

Lengo ni nyuzi 26 hadi 27, na tofauti ya mchana na usiku isizidi nyuzi 1. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya mnofu wake kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wake. Maji yakizidi joto la juu ambalo tumbawe limelizoea, hata kwa nyuzi 1 tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika: mwani hutolewa nje na tumbawe hupauka. Hayo ndiyo yaliyoipata miamba yetu mwaka 1998, kutoka Kenya na Tanzania hadi Shelisheli. Kwenye tangi mambo huenda haraka zaidi, maana hakuna bahari kuu ya kuleta maji mengine.

Ndoo yako ikiishia nyuzi 29, feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya maji zinatosha. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto: lita 4 zikipaa kwa siku moja ni sawa na kuzima balbu ya wati 110 iliyokuwa ikiwaka usiku na mchana. Kwangu feni hushusha nyuzi 2, mara nyingine 3, lakini siku za mvuke kabla ya masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hazifui dafu. Ndoo ikifika 31, tenga pesa ya mashine ya kupoza maji tangu mwanzo, hata kama itabidi upunguze ukubwa wa tangi. Na usiliweke tangi mbele ya dirisha la magharibi.

Hatua ya 2: Tangi na meza yake

Kwa tangi la kwanza nashauri lita 200 hivi, yaani sentimita 90 kwa 50 kwa 45. Watu hudhani tangi la lita 40 ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Maji machache huchafuka haraka, hupata joto haraka na chumvi yake hupanda haraka, kwa hiyo kosa dogo ambalo lita 200 zingelimeza huwaua wote kwenye lita 40.

Fundi wa vioo mzuri anaweza kukutengenezea kwa kioo cha milimita 10. Msisitizie silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Likishakauka, lijaze maji uani, likae wiki nzima juu ya sehemu iliyo sawasawa, ukipapasa viungio kwa kidole kila siku. Uzito wa maji, kioo, mawe na mchanga unakaribia kilo 300, kwa hiyo meza iwe ya chuma au mbao nene, ipimwe kwa pima maji, na isimame karibu na ukuta.

Chini ya meza weka tangi la pili, dogo, ambalo maji hushukia na kurudishwa juu kwa pampu. Humo ndimo hukaa skima, mashine inayopiga maji yageuke povu ili uchafu ung'ang'anie mapovu na kutoka. Ni kazi ileile unayoiona ufukweni wakati wa kusi, povu la rangi ya chai likisukumwa mchangani. Siku ya kwanza ya kujaza, zima pampu na utazame: maji ya juu yataendelea kushuka mpaka mdomo wa bomba uachwe wazi. Subiri yatulie, kisha chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kuonyesha kiasi cha juu ambacho tangi la chini linaweza kubeba bila kufurika. Mstari huo ndio utakaookoa sakafu yako umeme ukikatika saa nane za usiku.

Hatua ya 3: Umeme

Utakatika. Usipange kana kwamba hautakatika. Maji yakisimama, hewa iliyomo huanza kupungua, na maji ya joto hubeba hewa kidogo tangu hapo. Kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye orodha yangu ni pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukipotea. Nunua mbili. Ukiwa na inveta, iunganishe na pampu moja ya kuzungusha maji tu. Taa na skima vinaweza kungoja.

Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Mwite fundi akufungie swichi inayokata umeme ukivuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na mkono wako utakuwa humo kila wiki.

Hatua ya 4: Maji

Maji ya bomba, na hata zaidi ya kisima cha uani, huja na dawa, mbolea iliyopenya ardhini na chembe za metali. Yanahitaji mtambo wa utando unaochuja hadi kalamu ya TDS, kifaa kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0. Usipokuwa na mtambo, maduka mengi ya kujaza maji ya kunywa mitaani yanao. Nenda na kalamu yako, pima papo hapo, maana mengine huongezewa madini baada ya kuchujwa. Yakizidi 5, tafuta duka jingine.

Chumvi iwe ya paketi, iliyotengenezwa kwa matangi ya matumbawe. Lita 200 hutaka kilo 7 na nusu hivi. Tia chumvi ndani ya maji, usimwagie maji juu ya chumvi, na uache pampu izungushe kutwa nzima. Kipimo ni gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, irekebishwe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Ukiirekebisha kwa maji matupu unaweza kukosea bila kujua.

Najua utauliza: bahari iko pale, kwa nini ninunue chumvi? Maji ya bahari yanafaa, nami huyatumia siku hizi. Yachote upande wa bahari kuu maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na usichote kabisa wakati wa masika. Yachuje, yakae gizani wiki mbili, yapime. Lakini kwa tangi la kwanza nakuomba utumie paketi, ili likikuharibikia jambo usilazimike kujiuliza kama lilitoka baharini.

Maji yanapopaa, chumvi hubaki. Lita 4 zikipaa kila siku bila kurudishiwa, kwa siku tatu tu kipimo hupanda kutoka 35 hadi zaidi ya 37. Kwa hiyo kila siku unaongeza maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Mashine ndogo yenye boya hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kumbukumbu ya mtu.

Hatua ya 5: Mawe na mchanga

Usivunje jiwe mwambani. Kwenye hifadhi za bahari ni marufuku kuvunja matumbawe, na kila kipande kinachovunjwa ni nyumba ya viumbe wanaoishi humo. Sisi tuna bahati: ardhi tunayoikanyaga ni mwamba wa matumbawe wa kale ulioinuka kutoka majini. Ni jiwe lilelile lililojengea nyumba za Lamu na kuta za Fort Jesus. Kwenye machimbo tafuta vipande vyepesi, vyenye matundu mengi. Kilo 20 zinatosha. Viloweke wiki tatu au nne ukibadilisha maji, kisha pima fosfeti, mbolea inayokuza mwani, kwenye maji ya mwisho. Ikisoma juu ya miligramu 0.1 kwa lita, loweka tena.

Panga mawe juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo umwage mchanga kuyazunguka, sentimita 3 tu, ili mnyama anayechimba asiyaangushe mawe. Acha mapango na njia za maji. Mchanga nunua ule wa matumbawe wa punje za milimita 1 hadi 2.

Hatua ya 6: Kuivisha tangi

Sasa tangi limejaa, pampu za mawimbi zinasukuma lita 4,000 hadi 6,000 kwa saa, na ndani hamna kitu. Liache hivyo, taa zikiwa zimezimwa. Tia amonia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Bakteria wa kwanza wataigeuza kuwa naitriti, na wa pili wataigeuza naitriti kuwa naitreti. Huchukua wiki 4 hadi 6. Tangi limeiva siku utakapotia tena amonia ile ya miligramu 2, na baada ya saa 24 amonia na naitriti zote zisome 0. Ndipo ubadilishe robo ya maji na kuwasha taa.

Ukiziwasha, baada ya siku chache mchanga utavaa rangi ya kahawia, kama umenyunyiziwa unga wa kakao. Usitie dawa. Weka konokono sita au wanane na usubiri. Hupita.

Hatua ya 7: Matumbawe ya kwanza

Anza na laini: Sarcophyton, Discosoma, Zoanthus. Vipande vyangu vya kwanza nilipewa na mfugaji mwenzangu aliyevikata kwenye tangi lake, na ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu kipande kilichokulia kwenye kioo kimeshazoea maisha ya kioo. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo yakivuka mpaka lazima yawe na kibali. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi, mwache.

Taa ianze kwa asilimia 40 ya nguvu zake, saa 8 kwa siku, ukiongeza kidogo kila wiki. Tumbawe likinyoosha vinyweleo na kuvimba, mwanga unalifaa. Likijikunja siku nyingi na kupauka upande wa juu tu, limezidiwa.

Hapa nisikilize vizuri. Zoanthus na hasa jamaa zake wa jenasi ya Palythoa wanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno. Shika kwa glovu, vaa miwani ya kinga unapokata, na usichemshe kamwe jiwe lenye viumbe hao wala kulisugua kwa maji ya moto: mvuke wake umewahi kupeleka familia nzima hospitali.

Hatua ya 8: Samaki

Jozi ya samaki wa anemoni, yaani samaki wanaoishi ndani ya mnyama laini wa baharini aitwaye anemoni, inatosha kwa miezi ya mwanzo. Yule wa rangi ya chungwa anayependwa sana, Amphiprion ocellaris, si wa kwetu. Wa kwetu ni kama Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na mwombe amlishe mbele yako. Asiyekula dukani hatakula kwako. Anemoni yenyewe ingoje mwaka.

Kangaja ni mzuri mno, lakini lita 200 kwake ni jela. Kikande atakula konokono wako. Samaki waitwao vipepeo, wengi wao wanakula matumbawe.

Kila samaki mpya akae wiki nne kwenye tangi la pembeni. Dawa ya shaba, ikihitajika, itumike humo tu, kwa sababu shaba huua matumbawe, konokono na kamba.

Hatua ya 9: Kipimo cha kila wiki

Badilisha lita 20 kila wiki. Pima alkali (8 hadi 9 kwa dKH, kizio cha alkali), na kwa miligramu kwa lita, kalisi (420 hivi), naitreti (2 hadi 10) na fosfeti (0.03 hadi 0.1). Usizifukuze hizi mbili za mwisho mpaka 0. Matumbawe nayo hula. Alkali ikianza kushuka, ujue yanakua, na unaweza kuyarudishia kwa maji ya chokaa: gramu 1 na nusu ya hidroksidi ya kalisi safi, ya daraja la chakula, kwa lita moja ya maji yaliyochujwa, ikidondoka taratibu usiku. Chokaa ya kujengea hapana, na ya tambuu hapana.

Kila mwisho wa Novemba, kabla kaskazi haijashika, toa feni, zipanguse chumvi iliyoganda kwenye mapanga, uziwashe kutwa nzima. Chomoa pampu ya hewa ya betri na uisikilize kama inajiwasha. Kisha rudisha kile kipimajoto cha ndoo mahali unapoweza kukiona ukipita kwenda jikoni.