Vitobo vitatu baada ya Alasiri

Mimi ni mshona kofia, nakaa Wete. Mwaka aliofariki mama niliacha kofia ya watu, duara la juu limeisha, ukanda wa pembeni umechorwa kalamu tu, nikalala. Homa sina, lakini moyo mzito, na kila kitu nasema nitakifanya nikipata hamu.

Mtoto wa kaka yangu ni muuguzi. Akanambia, "Shangazi, umeanzia mwisho. Fanya kwanza, hamu itakukuta kazini." Kumbe ni tiba hasa ya sonona, huo ugonjwa wa moyo mzito. Uingereza waliijaribu kwa watu wazima 440, matokeo yakatoka 2016: waliopewa tiba hii na wahudumu wa afya ya akili wa ngazi ya chini hawakuwa nyuma ya waliopewa tiba ya kurekebisha mawazo na wataalamu waliosomea.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu, andika tu. Kila baada ya saa mbili: unafanya nini, na moyo uko ngapi, kuanzia 0 mpaka 10. Daftari langu liliniumbua. Simu kitandani, ambayo nikiiita mapumziko: 2. Jirani kupiga hodi nami nikanyamaza mpaka akaenda zake: 4 pale pale, kwa kupumua, halafu 1 hadi usiku. Kuchambua karafuu na makonyo jamvini kwa huyo huyo jirani, tena nilikwenda kwa kuburutwa: 5.

Basi chagua humo. Tafuta yenye raha, na yale ambayo ukiyamaliza unajiona umeweza. Hata kuosha sufuria imo.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilijipangia kufua, kumaliza kofia na kwenda Mtambwe kwa siku moja. Sikufanya hata moja, nikalia. Muuguzi wangu akacheka (ana adabu, lakini alicheka), akauliza: kofia inaanza na nini? Na kutunga uzi. Basi andika hilo. Nikaandika: Jumanne, baada ya swala ya Alasiri, kibarazani, kutunga uzi na kushona vitobo vitatu, vile vitundu vya nakshi ya kofia. Siku, saa, mahali. Ukiandika "nitashona wiki hii" hujapanga kitu. Swala inasaidia kwa kuwa iko pale pale kila siku, huhitaji kengele nyingine.

Jumanne ile sikushona. Usikimbilie kujiita mvivu, uliza kilichozuia. Mimi sindano zilikuwa kwenye mtoto wa meza, chini ya kanga za mama, na mkono ulikataa kufungua. Nikamwomba binti wa jirani azitoe, nikazitia kwenye kopo dirishani. Jumatano nikashona vitobo vitatu, moyo 3. Alhamisi vitatu, bado 3. Usitishike, namba hupanda polepole na nyengine hushuka. Niliongeza kazi pale tu ile ndogo ilipokuwa imeshanizoea, na kutembea mpaka bandarini asubuhi kulikuja wiki ya nne.

Ila ukifikia kuona bora ufe, funga daftari, mwambie mtu leo hii akupeleke hospitali. Walioko Unguja wana Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Jina lisikutie haya.

Kofia ile mwenyewe aliichukua imechelewa miezi mitano. Alipunguza bei, na haki yake.