Ukimpenda kubwa la maadui, soma hivi

Kama wewe ni mtu wa kumshangilia kubwa la maadui kuliko stelingi, vitabu vyako vipo, na vingi vilikuwa kwa Kiswahili kabla gemu hazijafika mitaani kwetu. Nina chumba cha gemu Makorora, Tanga, na pembeni ya runinga nimeweka rafu. Anayesubiri zamu yake namtilia kitabu mkononi, kulingana na adui anayekwenda kupambana naye. Nieleze ninavyochagua na ninavyowaelekeza kusoma.

Usichague kwa sura. Mapembe, joho jeusi na kicheko kizito havikufikishi popote rafuni. Jiulize huyu adui alikipataje kiti chake: kwa hila, kwa hofu, au kwa mdomo? Ukishajua, nusu ya kazi imekwisha.

Mchukue Shao Kahn wa Mortal Kombat. Sharti lilikuwa upande wake ushinde mashindano kumi mfululizo ndipo auvamie ulimwengu wetu, na haukufikisha. Katika gemu ya tatu, ya 1995, anatafuta mlango wa uani: malkia wake Sindel anafufuliwa huku kwetu, naye anavuka akidai anamfuata mkewe. Anayevutiwa na ujanja wa namna hiyo nampa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Mimi ninalo toleo la 1966 la East African Literature Bureau. Fungua pale anapofika Utetera, mashariki ya Kongo ya leo, kwa mtemi mzee Kasongo Rushie. Alikwishasikia kwamba zamani ndugu wa kike wa mtemi walitekwa wakapelekwa mbali. Basi akajitangaza kuwa yeye ni mjukuu aliyetokana na mmojawapo. Mzee akamwamini, akamkabidhi utawala. Nchi nzima kaipata kwa nasaba ya kutunga, na anaisimulia habari hiyo bila kigugumizi.

Kisome taratibu, kwa sababu msimulizi ndiye adui, na ni fundi wa kusimulia. Anataja vita, anataja pembe kwa frasila, kipimo cha zamani cha uzito, anaeleza jina lake lilivyotokana na mlio wa bunduki zake. Ukijiachia utajikuta uko upande wake. Shika penseli, upige mstari kila wanapotajwa watu kwa mkumbo: wapagazi, mateka, waliokufa njiani. Hawana majina. Hao ndio walioibeba ile mali hadi pwani, na wengine walikuwa mali yenyewe. Ukifika mwisho, rudi usome mistari yako peke yake, ndipo utakijua kitabu ulichokuwa nacho mkononi.

Hili la kuwafuata wadogo ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kwenye gemu askari wa adui unawafyeka njiani bila hata kuwatazama, kisha unamkuta bosi chumba cha mwisho akiwa na nguvu zake zote. Katika vitabu hivi nguvu za bosi ni hao hao askari. Kwa hiyo kila unaposoma, chagua mtumishi mmoja umwandame: nani kamtuma, kaahidiwa nini, na kwa nini hakukataa.

Jaribu hivyo na Makbeth, tamthilia ya Shakespeare, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968. Usikwame kwa wachawi, ingawa najua ndio wanaovutia. Nenda kwa wale wauaji ambao Makbeth, akishakuwa mfalme, anawatuma kwa rafiki yake Banquo. Anawashawishi kwanza, anawaaminisha kwamba shida zao zote zinatokana na Banquo. Halafu, wakiwa wamekwishajificha kumvizia, anatokea muuaji wa tatu ambaye hawakumtarajia. Mfalme kawawekea wauaji wake mwangalizi! Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kuanzia pale kila anayemzunguka Makbeth anakuwa wa kushukiwa, na kuelekea mwisho wakuu wanamtoroka na waliobaki wanatii amri tu, hakuna anayempenda.

Waliomaliza Assassin's Creed Origins ya 2017 wanakumbuka Aya akimchoma kisu Kaizari katika baraza la Roma. Gemu inafungia karibu hapo. Kwa hao nina Juliasi Kaizari, nayo ya Shakespeare, aliyotafsiri Mwalimu Nyerere. Chapa ya kwanza ilitoka 1963 akiwa Rais. Msomaji wa gemu huwa anataka kuacha Kaizari akishaanguka. Mimi simruhusu, kwani yuko katikati tu. Umati unaosikiliza hotuba ya Antoni unamuua mshairi Cinna kwa kosa la kuitwa jina moja na mmoja wa waliomuua Kaizari. Onyesho linalofuata, watu watatu wameketi mezani na orodha ya watakaokufa: Lepido anamtoa kaka yake, Antoni anamtoa mpwa wake. Hakuna anayepandisha sauti. Tamthilia hii msiisome kimoyomoyo. Gawaneni nafasi, msome kwa sauti, na anayependa kuwa bosi apewe nafasi ya umati.

Ambaye hajazoea kusoma namwanzishia Shamba la Wanyama, hadithi ya George Orwell ya wanyama wanaolitwaa shamba, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, kwa kuwa ni fupi na haichoshi. Awafuate wale mbwa tisa tangu wakiwa watoto wanaonyang'anywa mama zao. Na anayependa adui asiye na silaha, mwenye cheo na ulimi tu, achukue Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, amwone Waziri Majivuno akimshitaki Karama kwa kufundisha sheria.

Vingi kati ya hivi havipo madukani. Ulizia maktaba ya mkoa, na wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini; waambie jina la kitabu na la mfasiri pia.

Cha mwisho ninacho kwa Kiingereza: Il Principe cha Machiavelli, kilichoandikwa 1513. Ni kwa wale waliopigana na Cesare Borgia katika Assassin's Creed Brotherhood, gemu ya 2010 ambamo Machiavelli mwenyewe yumo. Usianze sura ya kwanza. Anza ya 7. Borgia anamtuma mtu wake Remirro de Orco kuinyoosha Romagna, jimbo la Italia, kwa ukatili. Kazi inakamilika, watu wamejaa chuki. Asubuhi moja ya Desemba 1502, Remirro anakutwa uwanjani katika mji wa Cesena amekatwa vipande viwili, kando yake gogo na kisu chenye damu. Machiavelli anasema watu waliridhika na kupigwa na butwaa. Kisha ruka hadi sura ya 17, ya kuogopwa na kupendwa, ukiisoma kama Remirro angeisoma.