Somo: Kumfundisha kijana kuendesha akaunti yake na kuilinganisha na taarifa ya benki

Januari ndio mwezi mzuri wa kuanza somo hili hapa Moshi, kwa sababu ndio mwezi vijana wetu wanakuwa na hela. Ndugu wamepanda Desemba kutoka Dar na Mwanza, wamekula Krismasi nyumbani, na kila mjomba na shangazi ameacha elfu tano hapa, elfu kumi pale. Ikifika Februari ukimuuliza kijana zimekwenda wapi, anakujibu "sijui, ziliisha tu". Na anasema kweli. Hajui.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za chama cha akiba na mikopo, na Jumamosi jioni nakaa na vijana wa mtaani kwetu Pasua kuwafundisha hiki ninachokiandika hapa. Ninachotaka kila mmoja wao afike nacho miaka 18 ni hiki: ajue salio lake kabla hajaiuliza benki. Mtu anayesubiri meseji imwambie ana shilingi ngapi hajaendesha akaunti bado, akaunti ndiyo inayomwendesha.

Hatua ya kwanza: akaunti yenyewe

Hapa sikai sana. Aliye chini ya miaka 18 hufunguliwa akaunti na mzazi au mlezi, na mara nyingi utaombwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, picha, na kitambulisho chako cha NIDA. NMB wana Chipukizi kwa ajili ya vijana, CRDB wana Junior Jumbo, na benki nyingine zina za kwao. Kabla hujasaini, uliza maswali matatu: kijana atapewa kadi au hapewi? Kuna kikomo cha kutoa kwa siku? Akienda kaunta peke yake atahudumiwa au lazima uwepo? Kisha omba jedwali la makato lililochapishwa. Mkalishe kijana karibu yako maswali haya yanapoulizwa, kwa maana mwakani atayauliza mwenyewe.

Jambo moja linasahaulika. Laini ya simu ya mtoto husajiliwa kwa jina la mzazi, na mara nyingi meseji za benki huja kwenye simu ya mama. Kijana anatoa hela ATM pale Double Road, meseji inaingia kwa mama sokoni Mbuyuni, mama anaisoma anaifuta. Kijana hana kumbukumbu yoyote. Ndiyo maana hatua ya pili ni ya lazima.

Hatua ya pili: kaunta buku

Nunua kaunta buku ndogo, piga mistari, upate safu tano: tarehe, maelezo, imeingia, imetoka, salio. Programu za simu zipo na sizikatai, lakini kwa mwaka wa kwanza nataka mkono uandike. Kijana anayejumlisha na kutoa kwa kalamu huiona hela ikipungua. Anayebonyeza simu huiona ikiwa imeshapungua.

Sheria ya daftari ni moja tu, na hapa mzazi usilegeze: kitu kinaandikwa siku kilipotokea. Akitoa hela, anaandika kabla ya kulala. Mama akiweka kwa wakala, kijana anaambiwa siku hiyo hiyo. Risiti zote, za ATM, za wakala na za dukani, ziingie kwenye bahasha moja iliyobandikwa nyuma ya daftari. Maelezo yawe maelezo kweli. "Matumizi" si maelezo. "Nauli ya daladala wiki nzima" ni maelezo.

Na ahadi haiandikwi. Baba mdogo akisema "nitakutumia kesho", daftari halijui habari hiyo. Hela huandikwa ikishatumwa na kuna ushahidi.

Hatua ya tatu: makato

Vijana hudhani ukitoa 20,000 zimetoka 20,000. Mpe jedwali la makato ya benki yako, mwambie afanye hesabu hii: kama kutoa mara moja kunakatwa 1,500 (naweka ya mfano, chukua ya benki yako), kutoa 5,000 mara nne kunakatwa ngapi? Ni 6,000. Yaani ametumia shilingi 6,000 kuzifikia 20,000 zake mwenyewe. Sijawahi kuona kijana aliyeandika hesabu hiyo kwa mkono wake akaendelea kutoa elfu tano tano.

Makato yapewe mstari wake kwenye daftari, yasichanganywe na kiasi kilichotolewa. Mwisho wa mwezi ajumlishe mistari hiyo peke yake.

Hatua ya nne: kulinganisha

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ndipo wazazi wengi wanapoishia njiani. Mwezi ukiisha, chukua taarifa ya akaunti. Unaweza kuipata kwenye programu ya benki au tawini, ila tawini yenye muhuri kwa kawaida hulipiwa, na kwa zoezi hili muhuri hauhitajiki. Keti mezani na kijana, daftari kushoto, taarifa kulia. Hawa ni mashahidi wawili wa jambo moja, na kila mmoja ana kitu alichokiona ambacho mwenzake hakukiona.

Nachukua mwezi wa mfano. Daftari la kijana, Machi:

Salio la kuanzia: 46,000
Tarehe 3, baba ameweka kwa wakala: imeingia 30,000, salio 76,000
Tarehe 6, ametoa ATM: imetoka 20,000, salio 56,000
Tarehe 11, mauzo ya trei mbili za mayai: imeingia 18,000, salio 74,000
Tarehe 19, amemtumia fundi hela ya kushona sare: imetoka 12,500, salio 61,500
Tarehe 30, amelipa dukani kwa kadi: imetoka 9,000, salio 52,500
Tarehe 31, shangazi amehamisha kutoka benki nyingine, nakala ya fomu ipo: imeingia 15,000, salio 67,500

Taarifa ya benki ya tarehe 31 Machi inasema 56,600. Kijana anatazama, moyo unamwenda mbio: "Benki imenila 10,900!" Mwache atulie. Usimwoneshe jibu.

Kwanza, alinganishe salio la kuanzia. Lisipofanana, kosa liko mwezi uliopita na hakuna haja ya kuendelea na huu. Letu linafanana, 46,000.

Pili, aweke tiki mstari kwa mstari pande zote mbili. Kilichopo kwenye daftari na kwenye taarifa, kwa kiasi kile kile, kinapata tiki huku na huku. Zile 30,000 tiki, 20,000 tiki, 18,000 tiki. Sasa visivyo na tiki ndivyo vinavyoeleza tofauti yote.

Kwenye taarifa, zimebaki makato ya ATM 1,500, makato ya kutuma 700, na 15,200 zilizotumwa tarehe 19. Kwenye daftari, zimebaki 12,500 za tarehe 19, 9,000 za dukani na 15,000 za shangazi.

Tatu, arekebishe upande wa benki kwa vitu ambavyo benki haijaviandika bado. Kwa malipo ya kadi, benki inaweza kuitenga hela leo na kuiandika kwenye taarifa siku kadhaa baadaye, na fedha za shangazi zimeingia Aprili 2. Kwa hiyo 56,600, toa 9,000, jumlisha 15,000. Inakuja 62,600.

Nne, arekebishe upande wa daftari kwa vitu ambavyo yeye hakuviandika. 67,500, toa 1,500, toa 700. Inakuja 65,300.

Bado hazifanani. Imebaki tofauti ya 2,700, na hapa ninawafundisha vijana mbinu ya watunza hesabu wa siku zote. Gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubakisha, tafuta mahali tarakimu mbili zilipobadilishana nafasi. 2,700 gawanya kwa 9 ni 300. Arudi tarehe 19: meseji ya kutuma inasema 15,200, yeye ameandika 12,500. Mbili na tano zimebadilishana viti. Atoe 2,700 na daftari linafika 62,600, sawa na benki.

Kama tofauti haigawanyiki kwa 9, igawanye kwa 2 na utafute kiasi hicho. Tofauti ya 24,000 inaweza kuwa 12,000 iliyoandikwa imeingia badala ya imetoka.

Tano, marekebisho ya daftari yaandikwe kama mistari mipya yenye tarehe ya siku hiyo. Asifute, asipake wino mweupe. Achore mstari mwekundu chini ya 62,600, aweke sahihi, nawe uweke yako. Aprili inaanzia hapo. Zile 9,000 na 15,000 ziandikwe pembeni, kwa sababu mwezi ujao lazima azione zimetokea kwenye taarifa. Zisipotokea, ndipo mnakwenda benki kuuliza, mkiwa na risiti mkononi.

Mzazi, katika hatua hii kaa kimya. Najua mikono inawasha, na ukiiona 2,700 kabla yake unatamani kuinyooshea kidole. Ukimwonesha, atajua kwamba mama hupata jibu. Nataka ajue kwamba yeye hupata jibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa wawili, Sakina, Arusha: Asante kwa somo, dada. Akaunti ya mwanangu haifiki hata elfu hamsini. Kweli kuna haja ya kusumbuka hivi?

Ndiyo, mama, na udogo wake ndio faida. Mistari saba anaimaliza kwa nusu saa. Akianza na mistari mia mbili ya biashara akiwa na miaka 25, ataacha siku ya kwanza. Elimu ya Biashara ni somo la lazima kwa wanaoingia Kidato cha Kwanza chini ya mtaala mpya, kwa hiyo daftari lake la nyumbani litamsaidia na darasani.

Baba mlezi, Himo: Shikamoo. Binti yangu yuko bweni, simu hairuhusiwi, hela yake anatunza matroni. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Basi matroni ndiye benki yake. Binti awe na daftari lake la safu tano, na kila akichukua hela aandike siku hiyo. Akija likizo fupi aje na nakala ya ukurasa wake kutoka kwenye daftari la matroni, mkae mezani muweke tiki. Mweleze matroni mapema kwa heshima kwamba ni zoezi la masomo, asidhani unamtilia shaka.

Mfanyabiashara wa mitumba, Kiboriloni: Mimi nina akaunti ya hundi ya duka. Nataka kijana wangu wa miaka 17 ajifunzie humo. Utaratibu ni ule ule?

Ni ule ule, na utamfaa zaidi, kwa sababu hundi ndiyo inayoonesha vizuri kwa nini salio la benki si hela yako yote. Ukimwandikia msambazaji hundi ya 800,000 Jumatatu naye akaipeleka benki baada ya wiki mbili, kwa wiki mbili zote hizo benki itakuonesha 800,000 ambazo si zako tena. Kijana aandike hundi kwenye daftari siku inayoandikwa, pamoja na namba yake, na ajaze kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni, kabla hundi haijachanwa. Mwisho wa mwezi aorodheshe hundi ambazo hazijawasilishwa na kuzitoa kwenye salio la benki, kama tulivyozitoa zile 9,000. Asiyefanya hivyo ndiye hundi yake inarudi haina fedha, na hilo linaweza kukufikisha pabaya kisheria. Ila kitabu cha hundi kikae kabatini kwako. Yeye atunze daftari, wewe utie sahihi.

Ustadhi, Majengo: Asalaam alaykum. Sisi hatutaki riba kwenye akaunti ya mtoto.

Waalaykum salaam, ustadhi. Amana Bank inaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, na CRDB na NBC zina huduma za aina hiyo. Uliza kwa jina kabla ya kufungua. Kwa wale wenye akaunti za riba, kijana asiikisie riba. Aiandike akiiona kwenye taarifa, na akumbuke huingia ikiwa imeshakatwa kodi ya zuio.

Mama kijana, Njiro: Mwanangu alipata meseji kwamba amepokea 85,000, kisha mtu akampigia akilia zirudishwe. Alikuwa karibu kuzituma.

Pole sana, na mpongeze kwa kusita. Huu ni utapeli, ndugu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kanuni ya daftari inamlinda: meseji peke yake si ushahidi wa hela kuingia. Aangalie salio kwenye menyu ya benki au ya mtandao wa simu mwenyewe. Lisipoongezeka, hakuna hela. Likiongezeka kweli, bado asirudishe kwa mkono wake. Ampigie huduma kwa wateja, na aliyekosea naye apige kwao, utaratibu wa kurejesha ufanyike huko. Na namba ya siri haiombwi na mfanyakazi yeyote wa benki, hata akilijua jina kamili la mwanao.

Mwalimu, Usa River: Tumefanya na mwanangu, tumefika mwisho, imebaki tofauti ya 500. Tumeitafuta jioni nzima. Tuandike "mengineyo" tuendelee?

Hapana, mwalimu, tafadhali. Iandikeni "tofauti haijapatikana, 500" na tarehe, msitie rangi nyekundu bado. Tazameni vitu vitatu: kama kuna kato lililotozwa mara mbili kwenye taarifa, kama salio la kuanzia lilinakiliwa sawasawa, na kama kuna mstari wa daftari ambao kijumlisho chake kimekosewa. Huo wa tatu ndio ninaokutana nao zaidi. Mwambie ajumlishe upya safu nzima kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu jicho likipita njia ile ile hulipita kosa lile lile. Mkiipata, nitumieni ni mstari gani.